Kuizeesha sakafu ya darini, kwa miguu ya kwetu sio ya watu wa YouTube

Mji huu wa Unguja una vituko jamani. Shangani huko mtu anajenga hoteli, anamlipa fundi pesa nzuri kabisa ili sakafu mpya ionekane kuukuu, ichubuke hapa, ipauke pale, mgeni akiingia aamini Seyyid Barghash, yule sultani wa zamani, mwenyewe alipita juzi. Halafu vuka Darajani uingie Ng'ambo, unamkuta mtu ana sakafu kuukuu ya kweli, ile nyekundu ya saruji waliyoipiga wazee niru, ule uji wa saruji wa kulainishia, na kuisugua polishi mpaka unajiona uso, yeye kashika nyundo anaivunja atie marumaru nyeupe. Simcheki yeyote, kila mtu na nyumba yake na mfuko wake. Ila mie mwenyewe mwaka huu nimejikuta upande wa watu wa hoteli, nimeizeesha sakafu kwa makusudi, na bi mkubwa hadi leo akipanda juu anatikisa kichwa.

Sababu yangu sio fasheni lakini. Nyumba yetu ipo Kiponda, ya ukoo, na chumba kimoja cha darini sakafu yake si ile ya boriti na chokaa, ni ya mbao pana za msaji, yani mtiki, kama utakavyoziona kwenye baadhi ya nyumba zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Zamani ilipakwa rangi, kijani fulani hivi, nayo imebaki vipande vipande. Sasa paa lilivuja masika moja, mbao za upande wa dirishani zikaoza, ukoo ukachanga, zikatolewa zikatiwa za paini. Paini hizi zinatoka bara, kwenye misitu ya kupandwa kama ile ya Sao Hill kule Mufindi, ni mbao nzuri tu na bei yake inavumilika, ila laini halafu nyeupe pe, na zimekaa ubavuni mwa msaji uliokwisha kuwa mweusi kwa umri. Ukiingia chumbani jicho linakimbilia pale penye kiraka, huoni kitu chengine.

Ami akasema tieni marumaru muondokane na adha. Haya, tukapiga hesabu, manake watu wakisikia marumaru wanafikiria bei tu, uzito hawaufikirii. Marumaru juu ya mbao inataka tabaka la saruji chini yake, na saruji iliyochanganywa na mchanga ina kilo 2,000 na ziada kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo ukimwaga unene wa sentimita 4 tu ushaweka kilo 80 na kitu kwenye kila mita ya mraba, marumaru zenyewe hazijafika bado. Chumba chetu ni mita 3 kwa 6. Hiyo ni tani moja na nusu unaibebesha miti ambayo hujui ndani ya ukuta imekaaje. Ami akanyamaza, akaomba chai.

Kupaka rangi moja ya kung'aa sakafu nzima nako nilikukataa, kwa sababu ubao wa zamani una mabonde ya miguu na ubao mpya umenyooka, na rangi ya kung'aa inatangaza kila bonde, yani kiraka ndio kwanza kinapewa kipaza sauti. Sakafu iliyozeeshwa inafanya kinyume, inakula kasoro, jicho likishazoea kuona mchubuko hapa na pale haliendi tena kutafuta ubao gani mpya. Kwa wenzetu Marekani na nchi za kaskazini ya Ulaya nyumba za mashamba sakafu zake zilikuwa za mbao hizi hizi laini, wakazipaka rangi, rangi ikaisha kwenye mapito, wakapaka nyengine juu, nayo ikaisha, na hicho ndicho watu wanachokiiga siku hizi, rangi mbili tatu zinazochunguliana. Sio uchafu wa kumwagia tu. Kila palipochubuka pana sababu yake.

Na hapo kwenye sababu ndipo nilipogombana na video.

Niliangalia video nyingi mno, usiku, bando likaisha, na zote zinasema kitu kimoja, chubua katikati ya chumba, chubua mlangoni, tia mikwaruzo ya viti chini ya meza ya kulia, gonga gonga kwa mnyororo upate vidonda vya visigino vya viatu. Sawa, kwao wanaingia na viatu. Wana buti za theluji, wana meza ya chakula na viti sita vinavyoburutwa asubuhi na jioni. Kwetu nani anapanda darini na viatu? Viatu vinabaki chini kwenye ngazi, tena watoto huvigombania. Watu wanakula chini kwenye jamvi. Mguu mtupu haukwaruzi ubao, unausugua pole pole mpaka ung'are, na ukiwa na mchanga wa pwani katikati ya vidole basi ndio msasa wenyewe huo, laini lakini wa kila siku. Kwa hiyo sakafu ya Unguja haizeeki kwa vidonda. Inazeeka kwa kulika taratibu, kwa maji ya deki na kwa jua, na ukienda kuipiga minyororo mtu wa hapa akiingia atahisi kitu hakiko sawa hata kama hatojua kukwambia ni nini.

Nikaacha video nikaenda kuisoma sakafu yenyewe, zile mbao za msaji zilizobaki. Nikapiga magoti na tochi ya simu, naangalia kwa ubavu, na nikamwita bi mkubwa akae kwenye kiti anisimulie chumba kilikuwaje. Akaanza, hapa palikuwa na samadari ya bibi yako, miguu yake hii hapa, na kweli pana mashimo manne madogo na rangi ya kijani iliyokaa pale uvunguni karibu yote ipo, manake nani anatembea uvunguni? Hapa jamvi. Chini ya jamvi rangi imebaki pia, ila pembezoni mwa jamvi, pale watu wanapovulia kanga na kukanyaga kabla ya kukaa, pamelika mstari mzima. Msala wa bibi ulikuwa unatandikwa upande wa kaskazini, kibla kwetu huku ni kaskazini karibu moja kwa moja, na pale kuna kipande cha kijani kizuri kabisa chenye umbo la msala, halafu nyuma yake, pale mtu anaposimama kuvua ndara za chooni, pameisha hadi ubao. Mlangoni ndio usiseme, kizingiti kimebonyea.

Dirishani ni hadithi nyengine. Pale rangi haikulika, imepauka. Madirisha yetu ya vibao yanaingiza jua kwa mistari, na miaka na miaka ya jua la asubuhi kwenye sehemu ile ile inaiacha rangi kama iliyooshwa na sabuni kali, hakuna mchubuko, kijani kimegeuka kuwa jivu tu. Huku kwenye kona ambako deki haifiki, manake dekio likipigwa linakwenda nusu duara na kona zinabaki, rangi ni nzito na juu yake pana weusi wa uchafu wa miaka uliogandana. Kwa hiyo kona ziwe nzito na za giza, katikati pasafike. Nilichora ramani kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda, wapi pamelika, wapi pamepauka, wapi pamebaki, na ramani ile ndio kazi nzima kwa kweli, yaliyobaki ni brashi na subira.

Kabla ya brashi lakini kuna bisibisi. Usipake rangi juu ya kitu kinachooza. Nyumba za Mji Mkongwe zinaliwa na maji kuanzia juu, paa likivuja maji yanaingia ukutani, na ncha za boriti au za mihimili zilizozama ndani ya ukuta ndizo zinazooza mwanzo, hali ya kuwa katikati ya chumba unaona mti mzima. Mchwa nao hivyo hivyo, wanakula ndani wanakuachia ganda. Tuliona wote Beit el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la 1883, lilivyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na lile lilikuwa chini ya matengenezo. Basi choma kila mhimili kwa bisibisi karibu na ukuta, ikizama kirahisi simamisha mambo ya rangi uite fundi seremala. Na ikiwa nyumba yenyewe imo ndani ya eneo la urithi, ambalo UNESCO iliorodhesha mwaka 2000, ukitaka kugusa zaidi ya rangi pita kwanza kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe uulize, ni bora kuliko kusimamishwa katikati ya kazi.

Fundi rangi niliyempata ni mzee wa Makunduchi, mkono wake mzuri sana, lakini kumuelewesha kazi hii ilikuwa kazi. "Mwanangu," aliniambia, "mie maisha yangu yote nimepaka rangi watu wanigombeza ikichubuka, leo wewe unanilipa niichubue?" Nikamwambia ndio babu, na nakulipa zaidi. Akacheka mpaka akakaa chini.

Msasa ndio wa kwanza na hapa nawaomba, msimruhusu mtu aje na grenda. Najua ni haraka, najua kila fundi anayo, lakini grenda inaacha miduara kwenye ubao ambayo huioni kabisa mpaka utie rangi ya maji maji au vanishi, ndio miduara inajitokeza yote. Tumia mkono, au mashine ya msasa ile ya bapa kwenye mbao mpya tu zisizo na rangi ya zamani, na ufuate urefu wa ubao siku zote. Namba 80 kwanza, kisha 120. Sisi hatukutaka kutoa rangi ya zamani yote, tulitaka kuikwaruza tu ipate kushika mpya, na kuondoa magamba yanayonyanyuka.

Halafu suala la vumbi. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwenye damu ya mtoto. Kwenye nyumba ambayo hujui ilipakwa lini na nini, usipige msasa mkavu. Lowesha. Msasa wa maji upo, unauzwa, tia maji kidogo, vumbi linakuwa tope unalifuta kwa tambara unalitupa kwenye mfuko. Usifagie kavu, watoto wahamishwe, na barakoa ile ya kitambaa tuliyoizoea wakati wa korona haikusaidii hapa, inatakiwa ile nene ya kuchujia vumbi. Fundi alilalamika kuwa nampotezea wakati. Nikamwambia babu wajukuu zako wangapi, akachukua ndoo ya maji.

Kuna kijaribio kizuri cha kujua rangi ya zamani ni ya maji au ya mafuta, chovya tambara kwenye spiriti ile ya kuwashia taa usugue pahala padogo. Ikilainika na kushika tambara ni ya maji, isipotingishika ni ya mafuta. Yetu ilikuwa ya mafuta, kwa hiyo bila ya kuikwaruza vizuri rangi ya maji juu yake ingebanduka kama ganda. Mie niliamua rangi ya maji ya sakafuni kwa sababu harufu yake ndogo na nyumba ina watu, na inakauka haraka.

Sasa mbao mbili hizi zina tabia mbili. Msaji una mafuta yake mwenyewe ndani, ndio maana umedumu, na mafuta hayo hayaitaki rangi. Ufute kwa tina, ile ya kuzimulia rangi, kisha upake muda ule ule tina ikikauka, usisubiri kesho mafuta yakapanda tena. Paini kwa upande wake ina vifundo vyenye utomvu, na utomvu huo unapenya rangi, unapaka leo kijani safi na miezi kadhaa baadae unaona madoa ya njano duara duara. Kila kifundo kipakwe shelaki kwanza, ile vanishi ya kuuzuia utomvu.

Na tatizo kubwa la paini ni ule weupe. Ukipaka rangi ukaichubua, kinachotokea chini ni nyama nyeupe ya ubao wa juzi, na hapo siri yote imefichuka. Lazima ubao uzeeshwe kabla ya rangi. Njia ya bei rahisi kabisa ni chai na siki. Unachemsha majani ya chai mengi, ya rangi nzito kupita unavyokunywa, unaupaka ubao unaacha ukauke. Pembeni ushaloweka sufi ya chuma, ile inayoshika kutu, sio ya kung'aa isiyoshika kutu, ndani ya siki, siku kadhaa mpaka chuma kimeyeyuka kiasi, na mfuniko uache umelegea kwa sababu inatoa gesi. Ukipaka siki ile juu ya ubao uliokunywa chai, mbele ya macho yako unageuka kijivu, kisha hudhurungi ya jivu, kama ubao uliokaa miaka mvuani. Kinachofanya kazi ni tanini ya kwenye chai kukutana na chuma. Tanini hiyo hiyo imo kwenye magome ya mikoko, ndio maana zamani magome yalikuwa biashara ya kwenda kutengenezea ngozi, ila msikate mikoko kwa ajili ya sakafu tafadhali, majani ya chai yapo kila duka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao kilichobaki, manake kila ubao unakunywa vyake na ukishageuka haurudi.

Juu ya paini iliyogeuka tukapaka mkono mmoja, yani tabaka moja, mwembamba wa hudhurungi iliyokoza ifanane na msaji. Msaji wenyewe hatukuupaka hudhurungi, unao wake wa asili. Halafu ndio ikaja ramani ya kalenda na mshumaa. Mshumaa mweupe wa kawaida wa dukani, ili rangi ya juu isishike pale unapoupitisha. Kila palipoandikwa pamelika unasugua mshumaa juu ya ubao, kwa nguvu pale palipolika sana na kwa kupitisha tu pale palipolika kidogo, kwenye kingo za mbao zaidi kuliko katikati yake, kwa kuwa ukingo ndio unaonyanyuka na mguu unauanza huo. Kwenye mbao mpya za paini nilifuata mstari ule ule uliokuwa umeanza kwenye msaji, yani kama ukingo wa jamvi umelika kwenye mbao za zamani basi mstari uendelee kwenye mpya bila kukatika. Hicho ndicho kilichofuta kiraka, niamini, kuliko rangi yoyote. Mguu haujui ubao upi mpya.

Kisha kijani juu ya chote. Kijani chenyewe nilikipata kwa kupeleka kigamba cha rangi ya zamani dukani wakanichanganyia, kikatiwa jivu kidogo kwa sababu kijani kipya kilikuwa kinapiga kelele. Kwa makadirio lita moja inapaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo chumba chetu kopo la lita 4 lilitosha mikono miwili na likabaki. Mkono wa kwanza mwembamba, wa pili mwembamba zaidi. Upande wa dirishani mkono wa pili nikauchanganya na rangi ya malai, nikaupaka kwa mistari kufuata vibao vya dirisha, kwa brashi karibu kavu, ipauke na isichubuke.

Ikishakauka, ndio starehe inaanza. Chukua kibao cha puti chenye makali yasiyo makali, pitisha pale penye mshumaa, rangi inatoka yenyewe kwa vipande, na kingo zake zinakuwa na umbo la ovyo ovyo ambalo mkono hauwezi kulichora. Halafu msasa namba 120 kulainisha, 220 kumalizia. Huku ndiko watu wengi wanakozidisha. Unaona raha, unachubua, unachubua, na ukisimama sakafu nzima ina madoadoa sawa sawa kila pahala, na hicho ndicho kinachoiumbua sakafu ya bandia, kuenea sawa. Kwenye ile ya kweli kuna sehemu kubwa kubwa hazijaguswa kabisa. Fundi wangu alikuwa bora kuliko mie hapa kwa sababu alikuwa anaona uchungu kuichubua rangi yake, kila nikimwambia babu hapa bado anasema panatosha, na mara nyingi alikuwa na haki.

Uchafu wa kona ukatiwa kwa hudhurungi iliyozimuliwa na maji, nyepesi sana, unapaka kipande, unafuta kwa tambara bichi papo hapo, inabaki kwenye mianya ya mbao na vichwa vya misumari tu. Kwenye kona usifute sana.

Kabla ya vanishi mshumaa wote uliobaki lazima utoke, futa kwa tapentaini na tambara safi ubadilishe tambara mara kwa mara, la sivyo vanishi haitoshika pale na itakuja kutoka kwa magamba. Vanishi nilitia ya maji, isiyong'aa. Ile ya mafuta ni ngumu na watu wanaipenda lakini inageuka njano kadri siku zinavyokwenda, na juu ya kijani chenye jivu inaleta rangi ya ndimu iliyooza, juu ya samawati ndio mbaya zaidi kwani inageuka kijani usichokitaka. Mikono mitatu myembamba, msasa laini wa 220 kati ya mkono na mkono. Mguu mtupu unaweza kupita kesho yake, samani zingoje siku kadhaa, majamvi na makapeti wiki kadhaa, na huku kwetu unyevu ulivyo usiwe na haraka. Kapeti la plastiki likitandikwa mapema linaganda na sakafu, ukilitoa linatoka na kila kitu.

Na msimu uchague. Masika hapana, vuli hapana, hewa imejaa maji rangi haikauki inabaki inanata. Kaskazi ikipamba moto rangi inakauka juu kabla ya ndani na brashi inaburuta. Sie tulifanya kipupwe, baina ya Juni na Agosti, kusi kinavuma, madirisha wazi ila na kitambaa chepesi mana kusi kinaleta vumbi na rangi mbichi inalipokea vizuri sana.

Kuna jirani aliona akasema yeye hataki vanishi, atatia mafuta ya kitani kwenye msaji wake. Vizuri, yanapendeza, lakini jamani matambara ya mafuta ya kitani yakirundikwa pamoja yanapata joto yenyewe na kuwaka, bila kiberiti bila chochote. Kwenye vichochoro vya mji ambavyo gari la zimamoto halipiti, na nyumba zimeshikana, msifanye mchezo. Yatandazwe nje moja moja mpaka yakauke au yazamishwe kwenye ndoo ya maji.

Wengi wananiuliza kama inawezekana kwenye sakafu ya chini, ya saruji. Inawezekana kama ni kavu, na nyumba nyingi za mjini chini si kavu, maji yenye chumvi yanapanda kutoka ardhini. Bandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote, kilale usiku hadi kesho yake, ukikuta jasho chini yake usipoteze rangi yako, itatoka kwa malengelenge. Saruji mpya ingoje siku 28. Na ikiwa ni ile nyekundu ya wazee ya niru, basi hiyo ishazeeka yenyewe, ioshe, isugue, tia polishi, sioni sababu ya kuipaka chochote.

Sakafu ya chokaa juu ya boriti ndio usiiguse kabisa na rangi ya plastiki wala vanishi. Chokaa inavuta na kutoa unyevu, ukiifunga kwa ngozi ya plastiki unyevu unakwenda kukaa kwenye boriti chini yake. Hiyo inazeeshwa kwa chokaa yenyewe, iliyolowekwa muda mrefu shimoni, ikazimuliwa na kutiwa rangi za unga wa udongo au oksaidi, manake rangi nyengine chokaa inaziunguza. Inapakwa mara nyingi, nyembamba kama maji ya mchele, kila mkono uvute hewa ya kaboni ugeuke jiwe kabla ya unaofuata. Kule kuchubuka kutakuja kwenyewe, tena haraka, chokaa haihitaji mshumaa.

Na ngazi: watu wa hoteli wanazizeesha nazo, mie nilikataa. Ngazi zetu zinajulikana, zimesimama, giza, na mzee mwenye miaka 70 anashuka kwa kushika kamba. Rangi ya kupauka pauka inafanya jicho lisijue ukingo wa daraja upo wapi. Ngazi nilipaka rangi moja, na kwenye ukingo wa kila daraja mstari mweupe, na ndani ya vanishi ya mwisho nikatia mchanga laini uliooshwa na kuchekechwa ili mguu ushike. Bi mkubwa hizo ngazi amezisifu.